Evarist na Utitiri wa Litapunga

Ukitaka kumuudhi Evarist, usihangaike kumtukana mama yake. Mama yake alitukanwa na wengi enzi za uhai wake, akawajibu wote, akafa hana deni. Mwambie tu kwamba nyuki wako wanafanana na wake. Hapo atavua kofia, ataiweka gotini, na wewe utasikiliza mpaka chai ipoe na mwenye chai asinzie.

Kwa maelezo ya Evarist, nyuki wake si wadudu, ni ukoo. Hawaumi ovyo, wanauma kwa sababu, na sababu huwa ni wewe. Hawaibi kwa jirani. Jumapili wanafanya kazi, ila baada ya misa. Mizinga yake ya kwanza ya magome aliirithi kwa baba yake, mrina asali wa Kikonongo aliyepanda miti maisha yake yote bila kuteleza hata mara moja, kisha akaanguka kutoka kitandani akafa. Familia hadi leo inaliona jambo hilo kama dharau.

Evarist mwenyewe ana miaka hamsini na kitu, na hicho kitu hubadilika kutegemea anayeuliza. Ni mfupi, miguu imepinda kama koleo kwa kukumbatia mashina ya miti, na masikio yake yamevimba na kunywea mara nyingi kiasi kwamba hayakumbuki tena umbo lake la asili. Ana mke mmoja wa ndoa ya kanisani, Scolastica. Ana kijana wake mkubwa, Heri, anayeendesha bodaboda Makanyagio, pale Mpanda mjini, na anayeogopa nyuki kuliko polisi. Ana shamba la mahindi na karanga hapa Litapunga. Lakini ukimuuliza ana nini, hatataja hata kimoja kati ya hivyo. Atasema, "Mimi ni mkuu wa kambi."

Na kweli alikuwa. Kila kiangazi kikianza, wanaume wa kikundi cha warina asali hufunga mizigo wakaingia porini wiki mbili au tatu. Mkuu wa kambi ndiye anayechagua mti wa kwanza, ndiye anayesema nani apande na nani apike. Sega la kwanza ni lake. Na hakuna anayeketi kabla yake. Hili la kuketi ndilo lililomshika Evarist moyo. Mtu ambaye nyumbani kwake hata kuku wanamkatiza akiongea, huko porini wanaume wazima, wenye mvi na wajukuu, wanasimama na sahani mkononi wakimsubiri atafute gogo linalomfaa. Na Evarist hakuwa na haraka ya kulipata gogo hilo.

Cheo hiki kina sharti moja. Mkuu wa kambi lazima awe na nyumba iliyotulia. Inaaminika huku kwetu kwamba nyuki hawavumilii uzinzi: wananusa mafuta ya mwanamke mwingine kwenye shati la mrina, na mizinga ya mzinzi wanaihama. Kwa hiyo kabla ya safari mkeka hutandikwa, mkuu na mkewe wanaketi mbele ya watu, mke anaulizwa, "Nyumba imetulia?" Akijibu imetulia, anampa mumewe mwenge wa kufukizia, safari inaanza. Wapo wasomi watakaosema huo ni ushirikina. Wasomi hao hawajawahi kuning'inia juu ya mti wa mtundu, kamba kiunoni, nyuki elfu kumi usoni, huku wakikumbuka dhambi zao moja moja.

Msaidizi wake ni Apollinarie, mtu mrefu, mpole, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Yeye amezaliwa hapahapa, uraia anao, karatasi anayo, na Kiswahili anakijua kuliko wanaomcheka lafudhi. Hata hivyo Evarist, hoja zikimwishia, humwita mgeni. Apollinarie hajibu. Alikuwa akiusubiri ukuu wa kambi kwa utulivu wa mtu aliyeagiza chipsi na kuambiwa mafuta ndiyo yanachemka.

Basi mwaka huu akaletwa afisa nyuki mpya. Binti mdogo, buti kubwa, jina lake Queen, jina alilopewa na baba yake kabla hajajua kwamba mtoto atasomea nyuki. Akaitisha mkutano wa kikundi, akaomba na wanawake waje, kwa sababu, alisema, asali ni mali ya familia. Wanaume walilipinga wazo hilo moyoni. Laiti wangelipinga kwa sauti.

Queen akatoa chupa yenye kifuniko cha wavu, sahani nyeupe, na sukari iliyosagwa laini kama poda ya mtoto. Akasema anataka kupima afya ya nyuki, je, kuna wa kujitolea? Kabla hajamaliza neno "kujitolea," Evarist alikuwa ameshasimama na anaongoza njia kuelekea nyuma ya shamba lake, ilipo mizinga yake ya karibu na nyumbani.

"Leo mtaona nyuki," alisema.

Queen akachota nyuki kama nusu kikombe, akawatia kwenye chupa, akawamwagia sukari, akawazungusha taratibu. Nyuki wakawa weupe kama wanakwaya wa Pasaka. Halafu akaigeuza chupa juu ya sahani yenye maji kidogo, akatikisa. Sukari ikadondoka na kuyeyuka. Vikabaki vidoadoa vyekundu-kahawia, bapa, vidogo kama kichwa cha pini. Watu wakasogeza vichwa. Kidoa kimoja kikaanza kutembea.

"Nini hicho?" aliuliza Evarist.

"Utitiri, baba."

"Wa kuku?"

"Wa nyuki. Unamng'ang'ania nyuki mwilini na kumnyonya. Unazaliana ndani ya sega, kwa watoto."

"Umetoka kwenye chupa yako."

"Chupa niliiosha, baba."

"Basi kwenye sukari. Sukari ya siku hizi haiaminiki."

Spès, mke wa Apollinarie, mwanamke wa maswali, akauliza utitiri huo unatokaje mzinga mmoja kwenda mwingine wakati hauna mabawa. Queen akafurahi kupata swali la kitaalamu. Maskini, hakujua.

"Swali zuri, mama. Mara nyingi unabebwa na madume. Dume la nyuki halifanyi kazi. Halitafuti maua, halijengi, halilindi. Linakula asali, linatoka, linaruka huko, linaingia mzinga wowote linaoukuta, linapokelewa, linalala. Kesho linaingia mwingine. Sasa kule linakopita..."

Hakuendelea. Wanawake walikuwa wamepiga kigelegele. Pudensiana, mjane anayepika wanzuki, pombe ya asali, na asiyemwogopa binadamu yeyote tangu mumewe azikwe, akamshika Queen mkono.

"Rudia hapo, mwanangu. Hapo pa madume. Rudia polepole, wengine wameolewa na wagumu wa kusikia."

Binti wa watu akarudia, na kwa haki ya Mungu akaendelea kusema mambo ya maana. Alisema karibu kila mzinga wa pande hizi una utitiri kidogo. Alisema nyuki wetu ni wakali, wanasafishana wenyewe, hawafi kwa huo. Alisema msitie dawa yoyote, kwa sababu mnunuzi anaipenda asali yetu kwa kuwa haijawahi kuona dawa, na ndoo moja ikikutwa na dawa zinarudishwa zote. Hilo la dawa alilisema mara tatu, ya tatu kwa kupaza sauti. Alisema atarudi siku ya mkeka kupima mizinga ya wote. Maneno mazuri, yote sahihi, na hakuna aliyeyasikia hata moja. Watu walikuwa wanamtazama Evarist, na Evarist alikuwa anatazama sahani.

Jioni ile habari zilifika hadi kijiji cha jirani, Kabungu, kwamba Evarist ana nyumba ndogo Makanyagio. Kumbe si ndiyo maana kila mara anakwenda mjini? Anasema anakwenda kwa Heri! Nani huenda kumtembelea kijana wa bodaboda mchana, asimkute barabarani? Kufika Jumapili nyumba ndogo ilikuwa imeshapata mtoto, na mtoto ana masikio ya baba yake.

"Shemeji, pole kwa ugonjwa," Apollinarie alimwambia walipokutana kisimani.

"Ugonjwa gani?"

"Huu wa nyumbani... samahani, wa mizingani."

"Na yako haijapimwa!"

"Itapimwa, shemeji. Mimi nalala vizuri." Akajitwisha ndoo. "Ila wenzetu wanasema, siku ya mkeka uanze kupimwa wewe tena. Wakiona utitiri bado upo, hawatakubali kupanda mti nyuma yako. Si mimi ninayesema. Ni wao."

Hapo ndipo Evarist alipoacha kula vizuri. Zilibaki wiki mbili, na ukuu wa kambi ulikuwa umelala kwenye sahani moja nyeupe.

Nyumbani alimkuta Scolastica anapepeta karanga.

"Mama Heri, umesikia wanachosema?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema kuni zimeisha."

"Yaani huna hata wivu?"

Scolastica akaweka ungo chini, akamtazama mumewe kuanzia kofia mpaka kandambili, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Baba Heri, wewe ukitoka asubuhi, saa nne umesharudi kuuliza uji. Ukienda Makanyagio unarudi na njaa, umelala kwenye basi, na mate yako kwenye shati. Huyo mwanamke angekupata saa ngapi?"

Evarist alipaswa kufurahi, mkewe anamwamini. Badala yake aliona ametukanwa. Kuna mwanaume anaweza kuvumilia kuitwa mzinzi, lakini kuambiwa hata uzinzi hauwezi ni jambo jingine.

"Mimi nitakaa kwenye mkeka," Scolastica alimalizia, "nitasema imetulia, kwa sababu imetulia. Hayo ya wadudu malizaneni nyie na afisa wenu."

Lakini hayo ya wadudu ndiyo yalikuwa yote. Kwa hiyo Evarist akaenda kutafuta ushauri, na kwa kuwa alitaka ushauri wa kupendeza, aliacha kumtafuta Queen mwenye simu na elimu, akaenda kwa rafiki yake Manyanda, mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi na mashaka machache. Manyanda alisikiliza yote huku anatafuna jiti.

"Mtani," akasema, "umehangaika bure. Kupe ni kupe. Wa ng'ombe, wa mbwa, wa nyuki, tofauti ni kimo tu. Mimi ng'ombe wangu wangekuwa hivyo si ningekuwa nimeshaogesha juzi?"

"Yule binti alikataza dawa."

"Alikataza dawa gani?"

Evarist akafikiri. Alifikiri kwa bidii, na hilo ndilo linalosikitisha. "Dawa ya nyuki," akasema.

"Basi! Hii ni ya ng'ombe."

Hoja hiyo iliwaridhisha wote wawili. Manyanda akampa pampu ya mgongoni na chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo, akamwelekeza vipimo. Halafu, kwa upendo, akamwambia apunguze maji aongeze dawa, kwa kuwa mdudu mdogo ndiye mbishi.

Siku Scolastica alipokwenda jumuiya, Evarist alivaa pampu akaenda nyuma ya shamba. Alianza na mzinga wa baba yake, kwa heshima. Alisema nao kwanza kama desturi yake. "Vumilieni, wanangu. Ni kwa jina letu." Kisha akaingiza mrija kwenye tundu la mzinga, akapiga pampu. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Mgongo ukalowa dawa, macho yakamwasha, akaendelea mpaka mzinga wa mwisho. Mtu wa bidii.

Manyanda hakuwa amesema uongo. Utitiri ulikufa wote. Ulikufa ukiwa umeshikilia migongo ya nyuki waliokufa. Nyuki walidondoka kwanza mmoja mmoja, halafu kwa makonzi, wakijizungusha chini kama wamesahau mabawa yanatumikaje. Waliobaki na nguvu walitoka kwa mkupuo, wakafanya wingu, wakapita juu ya mgomba, juu ya paa la jikoni, wakaondoka kuelekea bondeni bila kugeuka. Sauti ikaisha. Evarist alikuwa hajawahi kuisikia nyuma ya nyumba yake ikiwa kimya. Tangu azaliwe, sehemu ile ilikuwa ikivuma.

Alivunja tawi, akafagia. Alichimba shimo, akawamwaga humo, akafukia, akasimama pale na ufagio wake wa majani. Kama kuna aliyemwona akilia, bado hajasema, na Litapunga mtu akiona kitu hukisema.

Aliyekuja kupita alikuwa Pudensiana, akienda kutafuta asali ya wanzuki. Alisimama, akatega sikio, akasogea. Akagonga mzinga kwa kifundo cha kidole. Kimya.

"Wamehama!" akapiga kelele, na hakuna kelele ya furaha kama ya mtu aliyekuwa na hakika tangu mwanzo. "Jamani, nyuki wa Evarist wamehama!"

Sasa muelewe hali ya mtu huyu. Hakuwa amezini. Utitiri ungeweza kuelezwa. Lakini mizinga mitupu ndiyo ushahidi wenyewe, ushahidi ambao hata babu zetu hawakuupinga, na aliutengeneza kwa mikono yake, kwa pampu ya kuazima, ili kuthibitisha kwamba hana hatia.

Alikaa siku nzima anapima njia zake. Akisema kweli kwamba ametia dawa, kikundi kitamfukuza, maana ameichezea asali ya wote. Njia ya pili ni kukiri uzinzi. Mkuu wa kambi akikiri uzinzi anatozwa mbuzi mmoja na pipa la wanzuki, mkewe anamsamehe mbele ya mkeka, mambo yameisha, na cheo kinabaki. Marehemu Telesfori aliyemtangulia alikiri mara mbili, na kila mara alirudi kambini amenenepa. Kwa hesabu hiyo dhambi ilikuwa salama kuliko kosa. Evarist akaamua kuwa mzinzi.

Siku ya mkeka watu walijaa kuliko Krismasi. Queen alifika na chupa yake na sukari yake. Manyanda alikuja kumuunga mkono rafiki yake na alikuwa ameshauunga mkono wanzuki wa Pudensiana. Scolastica aliketi kwenye mkeka, kitenge kipya, mwenge mapajani. Queen akasema tuanze na mizinga ya mzee Evarist.

Evarist akasimama.

"Ndugu zangu, hakuna haja. Nyuki wangu wamehama. Na sababu ninaijua." Akavua kofia. "Nimetoka nje ya ndoa."

 Kisha ule mnong'ono mtamu ukapita. Wanawake wakashika viuno. Wanaume wakamtazama Evarist upya, na ndani ya macho yao, tusifichane, mlikuwa na heshima kidogo. Huyu? Na miguu hii?

Scolastica peke yake hakubadilika uso. Alimgeukia mumewe taratibu. "Wewe?" akasema. Si kwa uchungu. Kwa udadisi.

Kwa desturi mwanaume akikiri, wanawake humhoji, ili msamaha usiwe wa bei rahisi. Pudensiana akakunja mikono ya blauzi.

"Uko wapi huyo mwanamke?"

"Makanyagio."

"Jina?"

"Siwezi kumharibia mtoto wa watu jina."

Wanaume wakaguna kwa kukubali. Muungwana.

"Basi jina liache. Tueleze yukoje. Tusije tukawa tunanunua naye nyanya sokoni tukimchekea."

Evarist hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa ametunga dhambi nzima, akasahau kuitafutia mwanamke. Akafumba macho, akatafuta.

"Si mrefu," alisema. "Si mfupi. Mweusi wa kung'aa."

"Endelea."

"Akicheka anafunika mdomo na kiganja. Ana kovu la moto mkononi, hapa, la mafuta ya maandazi. Akitembea ni kama amechelewa mahali." Sasa alikuwa amekolea, uso umelegea, maneno yanakuja yenyewe. "Ukimsemesha jambo zito anakujibu jambo la jikoni. Halafu ana sauti ya chini akiimba peke yake, anadhani humsikii."

Watu walikuwa wameacha kumtazama Evarist. Walikuwa wanamtazama Scolastica, ambaye alikuwa amefunika mdomo na kiganja, na kovu lote liko nje.

"Anakupikia nini?" aliuliza Pudensiana, kwa sauti ya mtu anayenyata.

"Kisamvu cha karanga. Kitamu, ila anazidisha chumvi."

"Nani anazidisha chumvi?" Scolastica aliruka kutoka kwenye mkeka. "Miaka yote hiyo umekula unalamba sahani, leo ndiyo nazidisha chumvi?"

"Evarist," akasema Pudensiana, machozi yanamtoka kwa kicheko, "yaani umezini na mkeo?"

Mkutano ulivunjika vipande. Watu walishikana mabega. Spès alikaa chini kabisa, miguu imenyooka, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, "Mana yanje, Mana yanje." Hata Queen aligeuka akajifanya anafuta chupa. Evarist alisimama katikati, amefumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkuu wa kambi hakuna aliyekuwa akimsubiri aketi.

Apollinarie peke yake hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, maana kusubiri ndiyo kazi yake.

"Shemeji, tumefurahi kwamba nyumba yako imetulia. Sasa kama hujatoka nje, nyuki wamekwenda wapi?"

Evarist akafungua mdomo. Labda angepata la kusema. Lakini Manyanda, aliyekuwa anafuatilia kwa jicho moja, alisikia kama vile dawa yake inatiliwa shaka.

"Nani anasema haikufanya kazi?" akanguruma. "Mtani, waambie! Uliuona utitiri hata mmoja baada ya kunyunyiza? Hata mmoja? Ile dawa ng'ombe mia wanaoga, hakuna kupe anayebaki!"

Hakuna aliyecheka tena. Queen akaiweka chupa chini. Akaenda nyuma ya shamba, akanusa mzinga, akarudi.

"Masega yote ya huku yafukiwe, mizinga ichomwe. Baba, ya porini umenyunyizia?"

"Hapana."

"Apa."

"Naapa kwa mizinga ya baba yangu."

"Si ndiyo hiyo ninayosema ichomwe?"

Evarist akainama.

Kisha Queen, kwa kuwa alikuja kazini, akapima mizinga ya wengine wote. Sahani ya kwanza, utitiri. Ya pili, utitiri. Ya Apollinarie, anayelala vizuri, ilikuwa na utitiri mwingi kuliko ile ya Evarist siku ya kwanza, unatembea makundi kwa makundi kama watu wanaotoka mnadani. Spès akaitazama sahani, akamtazama mumewe, akaitazama sahani tena. Wanaume wakaona jinsi upepo unavyogeuka. Papo hapo wazee wakakutana pembeni na kutangaza kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, mila haijawahi kusema lolote kuhusu utitiri. Utitiri ni mambo ya hali ya hewa. Ukimgusa mmoja ni mila. Ukiwagusa wote, watu walinukuu vibaya.

"Nilisema," alisema Queen. "Siku ya kwanza. Nilisema yote."

"Ulisema, mwanangu," Pudensiana akamfariji. "Tatizo ulianza na madume."

Hukumu haikuchukua muda. Mbuzi hakutozwa, kwani mtu hatozwi mbuzi kwa kumtamani mkewe. Lakini kwa dawa, Evarist hataingia porini msimu huu, na ukuu wa kambi umemtoka. Yeye mwenyewe alimkabidhi Apollinarie kamba ya kupandia miti, alama ya cheo, mkono kwa mkono. Hakumwita mgeni. Apollinarie na Spès wakaketi kwenye mkeka.

"Nyumba imetulia?" akauliza Pudensiana.

Spès alikaa kimya muda wa kutosha kumtoa mumewe jasho la shingo.

"Kwa leo," akasema, akampa mwenge.

Wakaondoka na baiskeli zao na ndoo zao. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, kiangazi kilimkuta Evarist nyumbani. Wiki ile wake wa Litapunga walianza mchezo mpya: mume akirudi amechelewa, anaambiwa amweleze mchepuko wake yukoje. Anayeshindwa anapewa chakula. Anayeeleza vizuri mno, na rangi ya viatu, anakula kesho.

Evarist alikuwa anabandua gome kwa ajili ya mzinga mpya, akilainisha kingo kwa kisu, mbali na pale palipochomwa ile ya zamani. Scolastica alikuja na kigoda chake, akaketi karibu.

"Baba Heri. Siku ile, si ungetunga mwanamke mwingine tu? Mrefu. Mwenye wigi."

"Nilijaribu," Evarist alisema, kisu kinaendelea. "Nilifumba macho kabisa, si uliniona. Hawakuja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Scolastica akaokota vipande vya gome, akavikusanya pamoja, akavitawanya tena.

"Mwakani watakurudisha?"

"Ukuu, hapana. Apollinarie akishaketi hainuki yule." Akapuliza vumbi la gome. "Labda niombe kuwa mpishi wa kambi."

"Wewe? Hata uji unakushinda."

"Ndiyo."

"Basi inuka," akasema Scolastica, akamnyang'anya kisu na kumpa kisamvu cha kutwanga. "Tuanze leo, muda tunao. Na ukifika kwenye chumvi, uniite."